Kunyamaza Si Kinga: Historia ya Kesi za Kuvuka Mipaka ya Majimbo

Mkazi wa Westerville, mji ulio jirani na Columbus katika jimbo la Ohio, anaweza kuletewa hati ya wito kutoka mahakama ya Louisville, Kentucky, au Buffalo, New York, kwa madai yasiyo na kichwa wala miguu. Wengi huishia kuiweka kando, wakiamini kwamba kesi ya uongo itajifia na kwamba mahakama ya jimbo jingine haiwawezi. Historia ya sheria za Marekani inapinga imani hiyo. Mpaka wa jimbo ni kinga kweli, ila humfaa zaidi anayeidai kinga hiyo mapema.

Asili ya kinga hiyo ni shauri la Pennoyer dhidi ya Neff. Mwaka 1866, wakili Mitchell wa Oregon alipata hukumu ya upande mmoja dhidi ya Marcus Neff, aliyekuwa nje ya jimbo, kwa ada isiyofika dola 300. Neff hakukabidhiwa wito. Tangazo lilitolewa gazetini tu. Ardhi yake ikapigwa mnada, baadaye ikamfikia Sylvester Pennoyer. Mwaka 1878 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama ya jimbo haina mamlaka juu ya mtu asiye mkazi ambaye hakupewa wito ndani ya jimbo hilo, na Neff akarudishiwa ardhi yake.

Mtu anaweza kuuliza: kama Neff hakujibu na bado akashinda, kwa nini sisi tujibu? Jibu ni kwamba mpaka ule haukubaki kama ulivyokuwa. Mwaka 1945, katika shauri la kampuni ya International Shoe, Mahakama Kuu ilisema inatosha mdaiwa awe na uhusiano wa kutosha na jimbo, kiasi kwamba kumshtaki huko ni haki. Mwaka 1957, bima moja tu iliyouzwa kwa mkazi wa California ilitosha kuishtaki kampuni ya Texas huko California. Lakini mwaka 1980, muuzaji wa magari wa New York aliepuka kesi ya Oklahoma, ingawa gari aliloliuza lilipata ajali huko. Kwa hiyo anayenyamaza anacheza kamari. Katiba inayataka majimbo yaheshimiane hukumu, na tangu shauri la Fauntleroy dhidi ya Lum la 1908 imekuwa wazi kwamba mahakama ya nyumbani haiwezi kuikataa hukumu ya jimbo jingine kwa sababu tu ilikosea. Ikionekana mamlaka yalikuwepo, nafasi ya kuonyesha kwamba deni lilikuwa la uongo imekwisha.

Wengine watasema kinga hii huwaficha wadaiwa sugu. Hapana: mwenye haki bado anaweza kumfuata mdaiwa alipo. Mwaka 1977 Bunge la Marekani lilikwenda mbali zaidi, likawataka wakusanya madeni wamshtaki mlaji pale anapoishi au alipotia saini mkataba. Wengine watasema kujitetea ni ghali. Ni kweli, lakini kukaziwa hukumu kwa kukatwa mshahara ni ghali zaidi, na mahakama zina uwezo wa kumtoza gharama anayefungua kesi ya upuuzi.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Mahakamani huwa fupi pale mdaiwa anapojitokeza. Soma tarehe ya wito siku ile ile. Kwa kawaida Kentucky hutoa siku 20 za kujibu, na Ohio siku 28. Tafuta wakili au msaada wa kisheria katika jimbo lililotoa wito, na pingamizi la mamlaka liwe la awali, kwa sababu ukijibu mengine yote ukaliacha hilo, umelipoteza.