Waliozikwa Nyuma ya Jukwaa

Somo: 2 Samweli 21:1-14



Habari ya Rispa binti Aya haihubiriwi mara nyingi makanisani mwetu, wala sishangai, kwa maana ni habari ngumu. Wanaume saba wa nyumba ya Sauli walitundikwa mlimani huko Gibea kwa kosa alilolifanya Sauli mwenyewe, na wawili kati yao walikuwa wana wa Rispa. Kuwaokoa hakuweza. Alilolifanya ni kutandika gunia juu ya mwamba na kuzilinda maiti zao, mchana dhidi ya ndege, usiku dhidi ya wanyama, tangu wakati wa mavuno hadi mvua zilipoanza. Mfalme Daudi alipopata habari hiyo aliikusanya mifupa, pamoja na ya Sauli na Yonathani, akaizika kwa heshima katika kaburi la Kishi. Na mwandishi anatuambia kwamba baada ya hayo ndipo Mungu alipoyakubali maombi kwa ajili ya nchi.

Asubuhi hii nawaomba mfuatane nami hadi mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, Marekani, ambako watu waliifanya kazi kama ya Rispa kwa ajili ya wafu ambao hawakuwa wana wao.

Charleston ni mji wa bandari. Waafrika wengi mno walishushwa pale kutoka merikebuni na kuuzwa kama mifugo. Katika bandari hiyohiyo, mwezi wa Aprili 1861, ndipo mizinga ya kwanza ilipolia ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vita vya miaka minne vilivyoua watu zaidi ya 600,000. Majimbo ya kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa, na majeshi ya serikali ya kaskazini yakapigana nayo.

Kulikuwa na uwanja wa mashindano ya farasi katika mji huo. Matajiri wenye mashamba na watumwa walikuwa wakikutana hapo kuonyeshana farasi na kuwekeana dau. Katika mwaka wa mwisho wa vita, watu wa kusini waliugeuza uwanja huo kuwa gereza la askari wa kaskazini waliotekwa. Wafungwa waliwekwa nje, kwenye jua na mvua, na maradhi yakawaingia. Wakafa 257 au zaidi, nao wakafukiwa harakaharaka nyuma ya jukwaa la watazamaji.

Mji ulipoangukia mikononi mwa majeshi ya kaskazini, Februari 1865, wazungu wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Waliobaki kwa wingi ni watu weusi waliokuwa watumwa mpaka juzi. Fikirini walivyokuwa. Hawakuwa na mashamba, hawakuwa na akiba, na wengi walikuwa bado wakiwatafuta wake, waume na watoto waliouzwa mbali. Nani angewalaumu kama wangeshughulika na njaa yao kwanza?

Lakini mwezi wa Aprili wanaume 28 kati yao walichukua majembe wakaenda uwanjani. Wakawafukua wale askari, wakawazika upya mmoja mmoja, kwa safu, kama inavyowapasa wanadamu. Kazi hiyo haikuwa ya kupendeza. Kila aliyewahi kuhamisha kaburi anaijua. Kisha wakajenga ua mrefu kuzunguka makaburi, wakaupaka chokaa, na juu ya mlango wakaweka tao lenye maandishi: Mashahidi wa Uwanja wa Mbio.

Najua baadhi yenu mtauliza kama ni haki askari kuitwa mashahidi. Sisi neno hilo tunaliweka kwa watu kama wale vijana wa Uganda waliochomwa moto kwa ajili ya imani. Swali ni jema, na mimi mwenyewe nisingelitumia neno hilo kwa haraka. Lakini waliolichagua walikuwa na makovu ya minyororo, na waliamini kwamba watu hawa wamekufa ili wao wawe huru. Siwezi kukaa hapa studioni nikawasahihisha.

Tarehe 1 Mei 1865 watu kama 10,000 walikusanyika. Mbele walitangulia watoto wa shule wapatao 3,000, kila mmoja na mawaridi mikononi, wakiimba. Katika jimbo hilo sheria ya mwaka 1834 ilikuwa imekataza kumfundisha mtumwa kusoma, na watoto hawa walikuwa hawajamaliza hata miezi mitatu darasani. Wakafuata akina mama na vikapu vya maua na misalaba, kisha wanaume, kisha askari, wakiwamo weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts. Wachungaji wakasoma Maandiko na kuomba. Baada ya ibada watu wakakaa majanini, wakala pamoja.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1868, Jenerali John Logan alitoa amri kwamba tarehe 30 Mei makaburi ya askari yapambwe kila mahali. Miji kadhaa hushindana kudai kwamba desturi hiyo ilianzia kwao. Charleston haikushindana, kwa sababu ilikuwa imesahau.

Ilisahauje? Wenye mji wa zamani walirudi, wakashika tena utawala. Mifupa ikahamishiwa makaburi ya taifa huko Beaufort, ua na tao vikatoweka. Uwanja ukawa bustani, nayo ikapewa jina la Wade Hampton, jenerali wa upande uliopigania utumwa. Mwaka 1916 akina mama wa chama cha kuwakumbuka askari wa kusini waliulizana kwa barua kama kweli watu weusi waliwahi kufanya ibada ile. Jibu likawa kwamba hakuna habari rasmi iliyopatikana. Ilikuwa imepita miaka 51 tu! Mtoto aliyebeba mawaridi akiwa na miaka kumi alikuwa sasa mzee wa miaka 61, labda akiishi mtaa wa pili. Hakuulizwa.

Tusiwacheke. Wazee wetu wa Kariakoo, waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na wengine. Wajukuu wao wanatusikiliza sasa hivi.

Habari ya Charleston ilifufuka mwaka 1996, mwanahistoria David Blight alipofungua sanduku la karatasi za askari wastaafu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Magazeti ya mwaka 1865 yakathibitisha yote. Mwaka 2010 kibao kikawekwa katika bustani ile, ambapo barabara bado inazunguka kwa umbo la njia ya farasi, na watu hukimbia hapo asubuhi kunyoosha viungo. Wengine husimama, wakakisoma.