Stesheni Tatu za Dar es Salaam: Mzigo Kwanza, Abiria Baadaye

Anayetaka kusafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam, kabla ya kuuliza nauli na saa ya kuondoka, hana budi ajue kwamba jiji hili lina stesheni kubwa tatu, na kwamba treni ya stesheni moja haiwezi kupita juu ya reli ya nyingine. Wa Tabora, Kigoma, Mpanda au Mwanza hutegemea reli ya kati, iliyoanzia katika stesheni kongwe ya mjini, jirani na bandari. Wa Ifakara, Makambako, Mbeya au Kapiri Mposhi kule Zambia shurti afike stesheni ya TAZARA, kilomita zipatazo 6 kutoka katikati ya mji, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela. Wa Morogoro na Dodoma mwenye haraka hupanda treni ya umeme katika jengo jipya lililochorwa kwa umbo la tanzanaiti. Mgeni akikosea stesheni huambiwa hakuuliza vizuri. Nadhani tunamwonea. Stesheni hizi zimetawanyika na kutofautiana kwa sababu waliozipanga, kwa zaidi ya miaka mia moja, walikuwa wakimfikiria mzigo na meli; abiria alitafutiwa nafasi baadaye.

Ushahidi wa kwanza uko bandarini. Kabla ya reli, bidhaa za bara zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa njia ya misafara iliyotoka Ujiji ikapita Tabora na kuishia Bagamoyo. Bagamoyo ndiko watu walikokuwa wakifikia na kuondokea, lakini maji yake ni mafupi, na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali na ufuko. Wajerumani wakahamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, penye bandari ya kina. Kazi ya kutandika reli ilianza 1905 mikononi mwa kampuni ya Philipp Holzmann. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, umbali wa kilomita 1,250 hivi. Ukiitazama ramani utaona reli imeandamana na njia ya misafara kwa sehemu kubwa, isipokuwa mwisho wake wa pwani. Huko iliwaacha wasafiri na mji wao, ikafuata gati. Bagamoyo haijapata reli hadi leo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipoishika Tanganyika, mkazo ule ule uliendelea: kwa makubaliano ya 1921 Wabelgiji walipewa eneo lao maalumu la bandari hapa Dar es Salaam na jingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kuzuiwa. Shehena ya nchi nyingine ilikuwa na mlango wake katika kila ncha ya reli, wakati mkulima wa Dodoma alikuwa na benchi la mbao la daraja la tatu.

Reli ya pili, TAZARA, ilizaliwa na nia tofauti kabisa, na nia hiyo inastahili heshima. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilijikuta shaba yake inapita mikononi mwa adui. Benki ya Dunia na serikali za Magharibi zilikataa kugharimia reli ya kwenda Dar es Salaam, zikisema haitalipa. China ikakubali mwaka 1967 kutoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza 1970, reli ya kilomita 1,860 ikakamilika 1975 na kukabidhiwa Julai 1976. Wafanyakazi Watanzania, Wazambia na Wachina walikata milima na kuvuka mabonde ya Kilombero na Mpanga katika mazingira magumu sana, na wapo waliopoteza maisha. Watu waliiita Reli ya Uhuru, na hawakukosea. Hata hivyo, swali lililoamua upana wa reli hiyo lilikuwa ni mabehewa gani yatabeba shaba. Nchi za kusini mwa Afrika zilitumia upana wa milimita 1,067, kwa hiyo TAZARA ikajengwa hivyo. Reli ya kati ina milimita 1,000. Tofauti ni ya upana wa vidole vichache tu, lakini inatosha: behewa la Kigoma haliingii TAZARA, na mzigo unaotaka kuhama kutoka reli moja kwenda nyingine lazima ufaulishwe. Stesheni ya abiria nayo ikawekwa nje ya mji, mahali penye nafasi ya yadi na karakana, na reli ikaendelea hadi bandarini bila kugusa stesheni kongwe. Abiria wa Mbeya anayetaka kuunganisha kwenda Tabora akaachwa abebe sanduku lake mwenyewe, avuke mji.

Mhandisi atanijibu kwamba ninaona siasa pasipo na siasa. Reli nyembamba ni nafuu, hupinda kona kali milimani, na hakuna mwenye akili ambaye angejenga reli ya shaba isiyoungana na reli ya machimbo ya shaba. Hayo yote ni kweli. Lakini hesabu ya mhandisi huanza baada ya mtu mwingine kumwambia treni itoke wapi, iende wapi, ibebe nini. Lau swali la kwanza lingekuwa namna Watanzania watakavyotembeleana, kuunganisha reli mbili za nchi moja kungekuwa sharti la mwanzo. Kwamba jambo hilo liliwezekana lilipotakiwa, tunalijua: mwaka 1963 ilifunguliwa reli kati ya Ruvu na Mruazi, ikaiunganisha reli ya kati na ile ya Tanga, na ndiyo sababu leo treni inaweza kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi na Arusha.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa abiria wenyewe. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyechunguza maisha ya watu kandokando ya TAZARA, ameonyesha jinsi wakulima na wachuuzi walivyoigeuza kuwa yao. Treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni ndogo, ikawa soko linalotembea: mpunga wa Kilombero, mahindi ya nyanda za juu, ndizi, kuku, vitambaa na sabuni vikapanda na kushuka kwa vifurushi. Vijiji vikasogea relini. Biashara ya shaba ilipoyumba na malori yakachukua mizigo, wachuuzi hao hao waliendelea kukata tiketi. Je, si uthibitisho kwamba reli ilimtumikia mtu wa kawaida? Ilimtumikia, na mimi naliona hilo kuwa jambo bora kuliko yote katika historia ya reli zetu. Lakini tuangalie nani alilifanya. Mchuuzi wa Mlimba hakupangiwa behewa la mpunga. Alilipata kwa kubanana, kwa kuzoeana na wafanyakazi wa treni, kwa kujua dakika ambazo treni husimama. Alichokijenga ni chake, na wenye ramani hawawezi kukidai.

Jiji lenyewe linatoa ushahidi ambao sijaona jibu lake. Reli ya kwanza ilipita Dar es Salaam tangu 1905. Mitaa ikaota pande zake zote mbili, foleni za magari zikawa ndefu mwaka hadi mwaka, na bado treni rasmi ya kuwabeba wakazi kwenda kazini ilianza Oktoba 2012. Wananchi waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. TRL, kampuni iliyoendesha reli ya kati wakati huo, ilitoa treni kati ya Stesheni na Ubungo, TAZARA ikatoa ya kwake, kila moja kwenye reli yake. Vyuma vilikuwepo miaka 107.

Reli ya kisasa, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Aprili 2017, imegeuza mpangilio kwa namna inayotia moyo. Ina upana wa milimita 1,435, ni ya umeme, na mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Ilianza na abiria: Juni 2024 kwenda Morogoro, Julai kufika Dodoma, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 31,000, treni za mizigo zikafuata baadaye. Stesheni yake iko mjini, karibu na ile kongwe. Ni kweli kwamba hoja yake kuu ya kiuchumi bado ni shehena ya Rwanda, Burundi na Kongo, na ni kweli kwamba sasa tuna reli za upana wa aina tatu badala ya moja. Lakini kwa mara ya kwanza mtu amepanda kabla ya kontena.

Kilichobaki ni kuzipatanisha stesheni hizi tatu, na hilo halihitaji kung'oa reli hata moja. TRC, shirika linaloendesha reli ya kati na ya kisasa, na TAZARA zinaweza kutoa ratiba moja inayosomeka pamoja, kuuza tiketi moja ya safari yenye treni mbili, na kuweka basi la kuwavusha abiria na mizigo yao kati ya TAZARA na mjini kwa saa za treni. Hadi hilo litakapofanyika, ewe msafiri, soma kwenye tiketi jina la shirika na la stesheni kabla hujafunga mlango wa nyumba yako.