Daraja la gitaa lililolaumiwa bure: historia ya Jazzmaster na nyuzi zake

Gitaa la umeme likianza kutoa mikwaruzo, wapigaji wengi hutafuta kwanza kipande kipya cha kununua. Historia ya gitaa moja la Marekani, Jazzmaster, inaonyesha kwamba pesa hizo zinaweza kupotea bure kama chanzo cha ubaya hakijajulikana.

Jazzmaster lilitoka mwaka 1958 katika kiwanda cha Leo Fender, mjini Fullerton, jimbo la California. Kiuno chake kimekaa mshazari, upande mmoja umetangulia mwingine, ili mpigaji wa jazz aliyeketi alishike vizuri. Mwaka 1962 likafuata Jaguar, na mwaka 1964 Mustang, yote yenye umbo la namna hiyo.

Daraja ni kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi karibu na mkono wa kulia wa mpigaji. Kwa Kifaransa huitwa chevalet. Kwenye Jazzmaster, Fender hakulifunga daraja kabisa. Alilisimamisha juu ya miguu miwili yenye ncha, ndani ya vikombe vidogo vya chuma, liweze kuyumba kidogo mbele na nyuma. Alifanya hivyo kwa makusudi. Mpigaji akisukuma mkono wa kutikisa sauti, nyuzi husogea na daraja husogea nazo, kisha vyote hurudi mahali pake bila gitaa kupoteza tuni.

Mpango huo ulitegemea nyuzi nene. Wakati ule uzi wa kwanza ulikuwa na unene wa milimita 0.30 hivi. Uzi mnene hukazwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hulikandamiza daraja na kulituliza.

Mwaka 1962, Ernie Ball, mwenye duka la gitaa huko California, alianza kuuza seti za nyuzi nyembamba. Vijana wa muziki wa rock walizipenda kwa sababu ni rahisi kuzipinda kwa kidole. Uzi wa kwanza ukashuka hadi milimita 0.23 hivi. Kwenye Jazzmaster, nyuzi hupita juu ya daraja karibu bila kuinama, na nguvu ya kulikandamiza ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Nyuzi nyembamba zikaanza kuruka kutoka kwenye mifereji yake, na skrubu ndogo zikatetemeka na kulia. Daraja lilikuwa lile lile, ila mzigo wake ulikuwa umebadilika. Hata hivyo, lawama zote zikaliangukia.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, Jazzmaster na Jaguar yote yalikuwa yameachwa kutengenezwa. Yaliyotumika yakauzwa kwa bei ndogo, na vijana wasio na pesa wakayachukua. Miongoni mwao walikuwa Thurston Moore na Lee Ranaldo wa kundi la Sonic Youth, mjini New York. Hapo ndipo kazi ya kubadilisha madaraja ilipoenea.

Njia tatu zilijulikana zaidi. Ya kwanza ni daraja la Mustang, linaloingia katika vikombe vile vile. Kila uzi una mfereji mmoja wenye kina, kwa hiyo hauruki ovyo. Ya pili ni daraja la aina ya Gibson, lililobuniwa mwaka 1954. Kurt Cobain alikuwa nalo kwenye Jaguar lake la mwaka 1965. Ni imara, lakini mviringo wake ni bapa kuliko shingo ya Jazzmaster la zamani, na nyuzi za katikati zinaweza kukaa chini mno kuliko za pembeni. Ya tatu ni madaraja mapya yaliyoundwa kwa ajili ya magitaa haya, kama Mastery la Marekani, lenye vibebeo viwili tu, kila kimoja kwa nyuzi tatu. Hilo hutuliza kelele vizuri, lakini bei yake inazidi dola 150.

Kabla ya kutoa pesa hiyo, mafundi wazoefu hufuata utaratibu mwingine. Kwanza hufunga nyuzi nene zaidi. Kisha huweka kipande chembamba cha ubao au karatasi ngumu chini ya kisigino cha shingo, ndani ya mwili wa gitaa. Shingo huinama nyuma kidogo, daraja hupandishwa, na nyuzi hulikandamiza kwa nguvu. Mara nyingi kelele huisha hapo, kwa gharama ya seti moja ya nyuzi. Ikiendelea, ndipo daraja jipya huwa na maana, na la kwanza kupimwa ni mviringo wake dhidi ya shingo.

Kwa wapigaji wa Kongo jambo hili lina uzito wake. Sebene hupigwa juu kabisa ya shingo, na huko ndiko daraja lililokaa vibaya hujulikana upesi: noti hutoka nje ya tuni hata kama nyuzi zimekazwa sawa. Kwa kwaya au bendi iliyopoteza vyombo vyake njiani na kubaki na gitaa moja, dola 150 ni pesa nyingi sana. Kipande cha ubao na nyuzi zinazofaa vijaribiwe kwanza.