Kahawa ya Mgeni: Kutoka Dele Hadi Kopo

Disemba iliyopita bibi yangu alikuja kutoka Maskati kukaa nasi Leicester kwa wiki tatu. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo nilimpokea mimi. Baada ya shikamoo nilifanya kama ninavyofanya kila siku: nilichemsha maji, nikatia kijiko cha kahawa ya kopo, nikakoroga, nikampa kikombe kikubwa, kisha nikarudi kwenye kompyuta yangu. Bibi alishukuru, akauliza, "Mwanangu, umeshanikaribisha, au ndiyo kwanza unaanza?" Sikumwelewa. Kahawa ilipoa mezani. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu.

Mbuni asili yake ni Ethiopia, lakini habari za mwanzo za kunywa kahawa zinatoka kwa Wasufi wa Yemen katika karne ya 15. Waliinywa usiku pamoja, ili wasisinzie katika dhikri. Tangu hapo kahawa ilikuwa kinywaji cha watu waliokaa pamoja, na jambo hilo liliwatia wakubwa wasiwasi. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka Makka, aliipiga marufuku. Marufuku hayo hayakudumu, kwa sababu wakubwa wake wa Kairo hawakukubaliana naye.

Kila nchi ilipata njia yake ya kumwandalia mgeni. Ethiopia, mama wa nyumba hukaanga buni mbele ya wageni, huwapitishia wanuse moshi wake, hutwanga, kisha huchemsha katika chungu cha udongo kinachoitwa jebena. Wageni hunywa mara tatu, na kila mara ina jina lake: abol, tona na baraka. Oman hutumia dalla. Kahawa hutiwa iliki na huja na tende au halua. Finjani haijazwi; mgeni huongezwa mpaka aitikise kuonyesha kwamba ametosheka.

Kwetu pwani tuna dele, na masikio tu yanatosha kujua kwamba jina hilo ni ndugu wa dalla. Dele la shaba hukaa juu ya makaa, kahawa hutiwa tangawizi, hunywewa chungu, na utamu hutoka kwenye kashata. Muuza kahawa wa Mji Mkongwe hugonganisha vikombe vyake ili watu wa barazani wajue amefika.

Mfano ulionishangaza zaidi uko mbali na pwani. Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, kahawa ya mgeni haikuwa ya kunywa. Buni zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, na mgeni alipewa azitafune. Kwa jirani zao wa Buganda, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akila punje iliyopakwa damu ya mwenzake.

Ulaya, wavumbuzi walitafuta kitu kingine. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya mvuke ya kupikia kahawa, na mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milan akapata ya mashine inayotengeneza kikombe kimoja kimoja. Mwaka 1908 Melitta Bentz wa Dresden alichoka na machicha, akachuja kahawa kwa karatasi aliyoichukua katika daftari la mwanawe. Brazil ilipokuwa na kahawa nyingi isiyo na wanunuzi, Nestlé ilitafuta njia ya kuihifadhi, na mwaka 1938 ikaanza kuuza Nescafé. Sizidharau njia hizi. Mfanyakazi mwenye dakika kumi za kupumzika anazihitaji. Hata Bukoba, katika nchi ya waliokuwa wakitafuna buni, leo kuna kiwanda cha kahawa ya kukoroga.

Basi je, kosa langu lilikuwa kopo? Nilidhani hivyo, mpaka nilipokumbuka nyumba ya bibi mwenyewe. Maskati kahawa yake hupikwa asubuhi na kuwekwa katika chupa ya chai, tayari kabla mgeni hajabisha hodi. Kwa hiyo si moto wala shaba. Nikizitazama njia za Ethiopia, Oman na pwani, naona mambo mawili: kikombe ni kidogo, na yupo mtu anayekaa karibu kukijaza tena. Kikombe kikubwa humwambia mgeni kwamba hutarudi kwake. Mimi nilimpa bibi nusu lita ya kahawa nikamwacha peke yake.

Siku ya pili nilipika kahawa katika sufuria ndogo kwa iliki ya Oman na tangawizi ya Unguja, alikozaliwa. Nikaichuja, nikaitia katika chupa, nikakaa naye na vikombe viwili vidogo. Alipofika kikombe cha tatu alianza kunieleza baraza la baba yake, na nani alikuwa akikaa wapi. Nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo.

Wanachama wenzangu, nyumbani kwenu mgeni hupewa kahawa vipi? Waulizeni wazee, lakini kaeni nao mkiuliza.