Gurudumu la Babu

Gurudumu la nyuma la BSA Bantam ya babu liliganda baada ya mazishi yake. Hakuna aliyeisogeza tena. Baba mdogo alitaka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikaomba wiki moja.

Fundi, mzee aliyemtengenezea babu miaka mingi, alinikataza kugonga. Tulichomoa ekseli, tukaziloweka beringi kwa dizeli usiku kucha. Asubuhi tuliifuta habu, tukaimwagia maji yaliyochemka. Ikitanuka, alisema, itaziachia.

Nilimuuliza kwa nini gia yake hukanyagwa kwa mguu wa kulia, wakati ya bodaboda iko kushoto.

“Ndivyo walivyopenda Waingereza.”

Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Pikipiki hii asili yake ni DKW RT 125 ya mwaka 1939, kutoka Zschopau, Ujerumani. Baada ya vita, michoro yake ilichukuliwa kama fidia. BSA wakaigeuza injini kama inavyoonekana kwenye kioo, gia ikahamia kulia, na mwaka 1948 wakaiuza kwa jina la Bantam. Wasovieti na Harley-Davidson nao walitoa za kwao. Yamaha wakaiiga katika YA-1 ya mwaka 1955.

Babu aliiita “Mwingereza” hadi alipokufa.

Beringi zilitoka kwa pigo dogo, gololi zimeliwa na kutu. Tukaweka mpya, tukapaka grisi. Baba mdogo alilisukuma gurudumu kwa kidole, likazunguka. Akalisukuma tena. Kisha akauliza bei ya tairi.