Plagi ya pikipiki

Plagi ya pikipiki ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kichwa cha silinda ya injini ya petroli ili kutoa cheche ya umeme inayowasha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Wakati mwingine huitwa plagi ya cheche ili kuitofautisha na plagi ya umeme wa nyumbani. Katika Kongo ya mashariki mafundi wengi huiita buji, kutokana na Kifaransa.

Plagi haiongezi nguvu ya injini. Kazi yake ni kuwasha mchanganyiko kwa wakati uliopangwa, kisha kubaki na joto linalofaa: si dogo mno ikajaa masizi, wala si kubwa mno ikageuka kaa la moto ndani ya silinda. Kwa hiyo kuchagua plagi ni kuilinganisha na joto la injini husika. Kanuni hii ni ileile kwa bodaboda ya kijijini na kwa pikipiki ya mashindano inayotumia gesi ya nitrasi oksidi, ingawa adhabu ya kukosea hutofautiana sana.

Historia

Étienne Lenoir, mhandisi mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Ufaransa, alitumia plagi ya umeme katika injini yake ya gesi mwaka 1860. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch nchini Ujerumani, alikamilisha mfumo wa magneto wa volti kubwa pamoja na plagi yake. Mfumo huo uliwezesha injini kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi. Kampuni ya NGK ya Japani, ambayo plagi zake hutumika sana katika pikipiki, ilianzishwa mwaka 1936 katika mji wa Nagoya.

Muundo na kazi

Plagi ina sehemu kuu nne:

- Elektrodi ya kati, inayopokea umeme wa volti elfu 10 au zaidi kutoka kwenye koili.
- Kauri nyeupe inayoizunguka elektrodi hiyo na kuzuia umeme usivuje.
- Ganda la chuma lenye nyuzi za skrubu, ambalo pia hupeleka joto kwenye kichwa cha silinda.
- Elektrodi ya pembeni, iliyopinda juu ya elektrodi ya kati na kuacha nafasi ndogo. Cheche huruka katika nafasi hiyo.

Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda huhitaji kuwashwa mara 3,000 kwa dakika. Cheche ikikosekana mara kwa mara, injini humisi: hukatakata, hupoteza nguvu na kutumia mafuta mengi.

Kiwango cha joto

Ncha ya plagi inapaswa kuwa na joto la kati ya takriban 500 °C na 850 °C injini inapofanya kazi. Chini ya hapo masizi hayaungui, hujikusanya kwenye kauri na kuufanya umeme upite njia ya mkato bila kutoa cheche. Juu ya hapo ncha yenyewe huwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Hali hiyo huitwa kuwaka mapema. Pistoni ikiwa bado inapanda hukutana na moto unaoisukuma chini, na joto huongezeka haraka kiasi cha kuweza kuitoboa.

Plagi ya moto ina kauri ndefu ndani ya ganda, hivyo joto husafiri mbali kabla ya kutoka. Plagi ya baridi ina kauri fupi na hupoteza joto upesi. Maneno "moto" na "baridi" hayahusu ukali wa cheche. Injini inayozalisha joto kubwa huhitaji plagi ya baridi, na injini inayozalisha joto dogo huhitaji plagi ya moto.

Kwa plagi za NGK na Denso, namba kubwa huonyesha plagi ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Mnunuzi anayebadili chapa kwa kufuata namba tu anaweza kupata kinyume cha alichokitaka, hivyo jedwali la ulinganisho ni la lazima.

Kusoma maandishi ya plagi

Mfano mzuri ni NGK D8EA, plagi ya kawaida ya Honda CG125 na ya pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata muundo wa injini hiyo. Herufi D huonyesha nyuzi zenye kipenyo cha milimita 12. Namba 8 ni kiwango cha joto. Herufi E huonyesha urefu wa nyuzi wa milimita 19, na A huonyesha aina ya muundo. Plagi ya D7EA ni ya moto zaidi kwa hatua moja, na D9EA ni ya baridi zaidi kwa hatua moja. Ikiwepo herufi R, kama katika DR8EA, plagi ina rezista ndani yake ya kupunguza mwingiliano na redio na vifaa vya elektroniki.

Kipenyo na urefu havina nafasi ya kubahatisha. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni. Iliyo fupi huzamisha cheche ndani ya tundu, na nyuzi zilizobaki wazi hujaa masizi.

Pikipiki ya kazi: mfano wa Bungu

Bungu ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Kutoka hapo bodaboda hupeleka abiria na mizigo hadi vijiji vya ndani na upande wa delta ya mto Rufiji. Njia za mchanga hulazimisha pikipiki kwenda polepole kwa gia ndogo ikiwa na mzigo. Injini inayopozwa na hewa hupata joto jingi huku upepo wa kuipoza ukiwa mdogo. Vumbi huziba chujio la hewa, na hewa ya chumvi iliyo karibu na bahari huleta kutu kwenye ganda la plagi na kwenye kifuniko cha waya wake.

Katika mazingira hayo kosa la kawaida ni kuilaumu plagi kwa ugonjwa wa injini. Chujio likiziba, kabureta huingiza mafuta mengi kuliko hewa na plagi huwa nyeusi. Fundi akiweka plagi ya moto zaidi ili isiwe nyeusi, dalili hupungua lakini chanzo hubaki. Siku chujio litakaposafishwa, plagi hiyo itakuwa ya moto mno kwa safari ndefu yenye mzigo, na pistoni ndiyo italipa gharama. Kwa mtu anayekula kwa pikipiki hiyo, tofauti kati ya kubadili plagi na kufungua injini nzima ni siku kadhaa bila kipato.

Kwa pikipiki isiyobadilishwa, jibu ni plagi iliyotajwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, yenye nafasi ya cheche iliyopendekezwa. Kwa D8EA ni milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi ya "mbio" haiifanyi bodaboda ikimbie zaidi. Ikiwa ya baridi mno, itajaa masizi katika safari fupi za kituo hadi kituo.

Pikipiki ya mbio yenye nitrasi

Katika mbio fupi za mstari ulionyooka, ambazo kwa kawaida huwa za robo maili, yaani mita 402, baadhi ya pikipiki hufungwa mtungi wa nitrasi oksidi (N₂O), gesi ileile inayojulikana hospitalini kama gesi ya kicheko. Gesi hii si mafuta. Ikipata joto la takriban 300 °C huanza kuvunjika kuwa nitrojeni na oksijeni. Oksijeni ni asilimia 36 ya uzito wake, ilhali katika hewa ya kawaida ni asilimia 23. Oksijeni hiyo ya ziada huruhusu mafuta mengi zaidi yaungue, hivyo nguvu, joto na msukumo ndani ya silinda hupanda kwa pamoja.

Mambo manne huangaliwa wakati wa kuchagua plagi yake.

Kwanza ni kiwango cha joto. Kila hatua moja ya plagi za NGK hupunguza joto la ncha kwa takriban 70 °C hadi 100 °C. Kwa injini kubwa, kanuni ya kuanzia ni kushuka hatua moja ya ubaridi kwa kila ongezeko la nguvu za farasi 75 hadi 100. Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999 hadi 2007, yenye sisi 1,299 na silinda nne, hutoka kiwandani na plagi ya CR9E, na hatua inayofuata ya ubaridi ni CR10E. Injini ndogo haiwezi kufuata hesabu hiyo kama ilivyo, kwa kuwa ongezeko la farasi 20 kwenye silinda moja ya sisi 150 lingekuwa kubwa kuliko nguvu yake ya awali.

Pili ni nafasi ya cheche. Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti inayohitajika ili umeme uruke hutegemea msukumo wa gesi na umbali kati ya elektrodi. Katika hali za silinda, msukumo ukipanda nafasi ileile hudai volti zaidi, na koili ikishindwa cheche huzimika pale inapohitajika zaidi. Kwa hiyo nafasi hupunguzwa kidogo.

Tatu ni umbo la ncha. Elektrodi ya pembeni iliyo fupi na nene hupoteza joto haraka kuliko iliyo ndefu na nyembamba. Ncha inayochomoza sana ndani ya silinda huepukwa.

Nne ni madini ya elektrodi. Nikeli huyeyuka kwa 1,455 °C, platinamu kwa 1,768 °C na iridiamu kwa takriban 2,450 °C. Hata hivyo wajenzi wengi wa injini hukwepa plagi yenye kipande cha platinamu kilichochomelewa kwenye elektrodi ya pembeni, kwa hofu ya kung'oka na kuangukia ndani ya silinda.

Plagi baridi pekee haitoshi. Mafuta yakiwa machache kuliko nitrasi inavyodai, au wakati wa cheche usiporudishwa nyuma, pistoni huyeyuka hata kama plagi ni sahihi.

Kusoma rangi ya plagi

- Kahawia hafifu au kijivu: joto na mchanganyiko viko sawa.
- Nyeusi na kavu: mafuta mengi, chujio kuziba, au plagi ya baridi mno.
- Nyeusi na yenye oili: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka.
- Nyeupe yenye malengelenge: joto kubwa mno au mafuta machache.
- Chembe ndogo za rangi ya fedha kwenye kauri: alumini ya pistoni imeanza kuyeyuka. Injini izimwe na isiwashwe tena kabla ya kukaguliwa.

Kwenye mbio, mwendeshaji hufunga plagi mpya, hukimbia mara moja na kuzima injini mara tu anapomaliza, kisha plagi hukaguliwa kwa kioo cha kukuza. Injini ikiachwa inguruma polepole, rangi inayoonekana huwa ya mngurumo huo, si ya mbio.

Kufunga na usalama

Plagi hufungwa injini ikiwa imepoa. Huzungushwa kwa vidole hadi ikae, ndipo spana itumike. Plagi mpya yenye washa hukazwa takriban nusu mzunguko zaidi. Kuanza na spana kunaweza kuharibu nyuzi za alumini za kichwa cha silinda.

Mtungi wa nitrasi haupaswi kuachwa juani. Kwa 20 °C msukumo wake ni takriban baa 50. Ukizidi 36 °C, joto ambalo mtungi ulioachwa kwenye jua la pwani hulifikia kwa urahisi, gesi hiyo haiwezi tena kubaki kimiminika na msukumo hupanda haraka. Kuivuta gesi hiyo moja kwa moja kutoka kwenye mtungi kunaweza kuua kwa kukosesha mwili oksijeni. Pikipiki ya namna hii ni ya uwanja wa mashindano wenye vizuizi na waokoaji, si ya barabara inayotumiwa na watu wengine.