Mafuta ya CBD na misuli ya mwanariadha: Nafuu yenye shaka, hatari iliyo wazi

Chupa yenyewe ni ndogo, haizidi sana ile ya dawa ya macho, na bei yake si ya mtu wa kawaida. Ndani yake mna mafuta ambayo wanamichezo wengi barani Ulaya na nchini Marekani hudondosha chini ya ulimi kabla ya mazoezi, na tena usiku wanapojiandaa kulala.

Mafuta hayo yana kanabidioli, maarufu kwa kifupi kama CBD, kemikali itokanayo na mmea wa bangi. Wauzaji hudai kwamba hupunguza maumivu ya misuli, hutuliza wasiwasi na kuleta usingizi mnono. Kwa taifa ambalo vijana wake wengi hutegemea mbio ili kujikimu, madai ya aina hiyo hayawezi kupuuzwa. Wala hayafai kupokelewa yalivyo.

Bangi ina kemikali zaidi ya 100 za jamii moja ziitwazo kanabinoidi. Mbili kati ya hizo ndizo zinazojulikana zaidi: THC, ambayo ndiyo humlevya mvutaji, na CBD, ambayo hailevyi. Roger Adams, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliitenga CBD mnamo 1940. Muundo wake kamili ulibainishwa mwaka wa 1963 nchini Israeli na Raphael Mechoulam pamoja na wenzake.

Kwa miongo kadhaa kemikali hiyo haikuzungumziwa sana nje ya maabara. Mambo yalibadilika mwaka wa 2018. Mnamo Juni mwaka huo, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD inayotibu aina mbili kali za kifafa cha watoto. Mnamo Desemba, sheria ya kilimo ya nchi hiyo iliruhusu ukuzaji wa bangi ya nyuzi, ambayo THC yake haizidi asilimia 0.3. Baada ya hapo maduka yalijaa mafuta, vidonge, peremende na marhamu za CBD, nyingi zikinadiwa kwa wanamichezo.

Kabla na baada ya mazoezi

Maumivu ambayo mkimbiaji huyasikia siku ya pili baada ya kuteremka mlima kwa kasi hayasababishwi na asidi ya laktiki, ijapokuwa imani hiyo imeota mizizi katika kambi nyingi. Asidi hiyo huondoka misulini katika muda wa saa moja au mbili hivi. Kinachouma ni nyuzinyuzi za misuli zilizojeruhiwa kidogo kidogo zilipokuwa zikirefuka huku zimebeba uzito wa mwili, pamoja na uvimbe unaofuata mwili unapozikarabati. Maumivu hayo hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi.

Hapo ndipo CBD inapodaiwa kuingilia kati. Katika maabara, hasa kwa panya, imeonekana kupunguza uvimbe. Kwa binadamu waliofanya mazoezi, ushahidi ni haba. Tafiti zilizopo ni chache na zilihusisha watu wachache. Baadhi ziligundua nafuu ndogo. Nyingine hazikuona tofauti yoyote baina ya waliomeza CBD na waliopewa mafuta matupu bila kujua.

Wanaoitumia kabla ya mazoezi au mashindano aghalabu hutafuta utulivu. Dai hili lina msingi kiasi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa nchini Brazil mwaka wa 2019, wanaume waliomeza miligramu 300 za CBD walikuwa na wasiwasi mdogo walipotakiwa kuhutubu mbele ya watu. Waliopewa miligramu 150 hawakunufaika, na la kushangaza ni kwamba hata waliopewa 600 hawakunufaika. Yaani kuongeza kipimo hakuongezi faida. Fauka ya hayo, kuhutubu si kusimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za mita 10,000, ambako wasiwasi kidogo huenda hata ukamfaa mkimbiaji.

Aidha kuna suala la kiasi. Matone yanayopendekezwa kwenye chupa nyingi za madukani hubeba makumi machache tu ya miligramu. Mgonjwa wa kifafa anayetumia Epidiolex anaweza kupewa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Kwa mtu wa kilo 50, hizo ni miligramu 1,000. Tena, sehemu kubwa ya CBD inayomezwa huharibiwa na ini kabla ya kuingia katika mzunguko wa damu. Anayeimeza pamoja na chakula chenye mafuta mengi huweza kupata takriban mara nne ya kiasi ambacho angepata akiwa na njaa. Kwa hivyo wakimbiaji wawili wanaotumia chupa moja, mmoja alfajiri kabla ya kutia kitu tumboni na mwingine baada ya kushiba nyama, hawatumii kipimo kimoja.

Kuna hoja nyingine ambayo wauzaji hawapendi kuigusa. Uvimbe unaofuata mazoezi si adui mtupu. Ni sehemu ya kazi ambayo mwili hufanya ili misuli irudi ikiwa na nguvu zaidi. Imebainika kuwa vijana wanaomeza ibuprofen nyingi kila siku kwa majuma kadhaa ya mazoezi ya uzani hupata ongezeko dogo la misuli kuliko wenzao. Ikiwa kweli CBD inazima uvimbe kama inavyodaiwa, basi anayeitumia kila siku huenda anajipunguzia faida ya jasho lake mwenyewe.

Kuhusu madhara, CBD inaweza kuleta usingizi wakati usiofaa, kupunguza hamu ya chakula na kusababisha kuhara. Ikitumiwa kwa viwango vikubwa huweza kuathiri ini. Vilevile huvuruga namna ini linavyoshughulikia dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya dawa za kifafa na warfarin ya kuzuia damu kuganda. Mnamo Oktoba 2023, mamlaka ya chakula ya Uingereza ilishusha kiwango ilichowashauri watu wazima wenye afya wasikizidi, kutoka miligramu 70 hadi 10 kwa siku.

Kilichomo chupani

Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani, WADA, liliiondoa CBD katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku kuanzia Januari 1, 2018. Habari hiyo ndiyo iliyowafungulia wauzaji mlango. Lakini wengi wao hawasomi sentensi inayofuata: kanabinoidi nyingine zote, ziwe za asili au za kutengenezwa, zingali marufuku wakati wa mashindano. Si THC pekee. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa mmea mzima bila kuchujwa huwa na nyingine kadhaa, hata kama kibandiko kinajigamba kwamba hayana THC.

Vibandiko vyenyewe havitegemeki. Watafiti nchini Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni na kuzipima. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2017. Ni 26 pekee zilizokuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa. Bidhaa 18 zilikuwa na THC.

WADA iliongeza kiwango cha THC kinachovumiliwa katika mkojo mwaka wa 2013, kutoka nanogramu 15 hadi 150 kwa kila mililita. Hiyo ni nafasi kubwa kwa aliyegusa kidogo bila kujua. Hata hivyo, THC hujificha katika mafuta ya mwili, na kwa anayeitumia mfululizo inaweza kuonekana katika mkojo kwa majuma kadhaa. Kipindi cha mashindano nacho huanza saa sita kasoro dakika moja usiku wa kuamkia siku ya mbio. Mwili haujui saa hiyo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Sha'Carri Richardson. Mnamo Juni 2021 alishinda mbio za mita 100 za mchujo wa Olimpiki wa Marekani mjini Eugene, Oregon, kwa sekunde 10.86. Alipimwa, akapatikana na chembechembe za bangi na kupigwa marufuku ya mwezi mmoja. Bangi ni halali katika jimbo la Oregon, na hakuna aliyemshuku kwamba ilimwongezea kasi. Hata hivyo, ushindi wake ulifutwa na akakosa Olimpiki za Tokyo. Miaka miwili baadaye, mjini Budapest, alitwaa ubingwa wa dunia kwa sekunde 10.65.

Adhabu ya mwezi mmoja ndiyo nyepesi kabisa. Tangu 2021 kanuni zinaruhusu marufuku ya miezi mitatu, inayoweza kupunguzwa hadi mmoja kwa anayekamilisha mpango wa matibabu, mradi athibitishe kuwa aliitumia nje ya mashindano na kwa sababu isiyohusiana na kuinua matokeo yake michezoni. Hapa pana mtego. Anayejitetea kwamba alidondosha mafuta hayo ili misuli ipone haraka arudi mazoezini, amekwisha kuyahusisha na mchezo kwa kinywa chake mwenyewe. Akikosa nafuu hiyo, anaweza kufungiwa miaka miwili.

Kwa Mkenya kuna kizingiti cha pili. Sheria ya 1994 kuhusu dawa za kulevya inaharamisha kumiliki na kuuza bangi na bidhaa zake, na uamuzi wa WADA hauigusi sheria hiyo. Anayenunua chupa akiwa kambini Ulaya na kuipakia katika mkoba wake anaweza kujieleza kwa maafisa wa forodha kabla hajaulizwa lolote na maafisa wa riadha. Afrika Kusini ilichukua njia tofauti mwaka wa 2019 iliporuhusu CBD isiyozidi miligramu 20 kwa siku kuuzwa bila cheti cha daktari.

Wakimbiaji wa Iten na Kaptagat hupona kwa njia ambazo hazihitaji kibandiko: usingizi wa usiku na wa mchana, ugali, mboga, maziwa, na siku za mbio nyepesi baina ya zile ngumu. Ushahidi wa usingizi na chakula ni mzito kuliko wa mafuta yoyote.

Anayeamua kutumia CBD licha ya hayo yote, katika nchi inayoiruhusu, hushauriwa kuchagua iliyotengwa peke yake na kupimwa na maabara huru, ambayo nambari ya shehena yake inaweza kuthibitishwa. Mwanariadha anapotoa sampuli huulizwa ataje dawa na virutubisho alivyotumia katika siku saba zilizotangulia, na mafuta hayo yanapaswa kuandikwa katika fomu hiyo. Chupa yenyewe ihifadhiwe, hata ikiwa tupu, kwani mabaki yaliyomo ndiyo yatakayopimwa iwapo matokeo yatazua utata.